Kijiko Kimoja cha Mafuta ya Nanyokie

Karatu,
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa Baba Mkubwa Mepukori,

Leo nimejiahidi kukueleza yote, hata yale yanayoniaibisha. Lakini kwanza, shikamoo. Nakuinamishia kichwa ukiguse, ingawa uko mbali Mtwara. Goti lako lililokuwa likikuuma ukikesha lindoni limepata nafuu? Mimi ni mzima na nimeanza kidato cha tatu. Huko nyumbani Nainokanoka ng'ombe wanaendelea vizuri, na Mama anasema yule ndama mweusi uliyemwacha hawezi kusimama sasa anasumbua boma zima.

Mdogo wangu Nanyokie bado amelazwa hapa Karatu. Kila Jumapili baada ya ibada naenda kumwona. Kidonda cha mkono wa kulia hakijafunga, na vidole vitatu vimeanza kujikunja kwa sababu kovu linavivuta. Kalamu anaishika kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zinalala kama majani baada ya upepo.

Sasa la aibu. Siku ile ya Desemba sufuria ya maziwa ilipompindukia, Bibi alimpaka mafuta ya kondoo, kama anavyotibu kila kitu. Mimi nilikuwepo. Darasani tulifundishwa kwamba aliyeungua humwagiwa maji safi ya baridi na hapakwi mafuta. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu mimi ni mtoto na Bibi ni Bibi. Siku ya nne mkono ulianza kunuka. Ndiyo maana safari hii sinyamazi.

Alhamisi tarehe 20, Daktari Hilary atachukua ngozi nyembamba ya paja la Nanyokie na kuipandikiza mkononi. Hilo Mama ameshalikubali. Kilichobaki ni lile jambo la pili, la seli shina, ambalo Mama alikueleza kwenye simu ukasema hutaki chembe za mtu asiyejulikana ziingie katika ukoo wetu, kisha simu ikakatika, na tangu hapo simu yako haipatikani. Baba Mkubwa, hata mimi nilidhani hivyo. Nikamuuliza daktari mwenyewe. Hazitoki kwa mtu mwingine. Zinatolewa kwenye mafuta ya tumbo la Nanyokie mwenyewe, zinasafishwa, halafu zinawekwa chini ya ile ngozi mpya. Ni chembe hai changa, na daktari anatumaini zitaisaidia ngozi ishike vizuri na kovu lisikakamae.

Bibi alikuwepo tulipoelezwa. Tangu muuguzi Neema amkemee kuhusu mafuta ya kondoo, alikuwa hataki kukanyaga hospitali. Siku hiyo alikuja, akasikiliza akiwa amejifunika shuka hadi puani.

"Kwa hiyo mafuta ya kondoo wangu ni makosa, ila ya mtoto ni dawa?"

"Ya kondoo yalifungia joto na uchafu, Bibi," daktari akasema. "Haya ni yake, na tunachotafuta ni chembe zilizomo ndani."

"Na huyu ana mafuta gani? Mtazame tumbo. Mbwa wa boma kamzidi."

"Kijiko kimoja kinatosha."

Nanyokie alicheka mpaka Neema akamwambia asitikise mkono. Bibi alipotoka alinishika bega, akasema kwa sauti ndogo nikuandikie wewe, kwa kuwa yeye haoni vizuri tena.

Daktari hakutuficha kitu. Huu bado ni utafiti. Kati ya watu kumi na mmoja aliowatibu hivyo, wanane makovu yao ni laini, na watatu hawakuona tofauti yoyote. Ukikataa, ngozi itapandikizwa vilevile na hakuna atakayetuchukia. Lakini Mama hataki kuweka dole gumba kwenye fomu bila neno lako, maana tangu Baba afariki hakuna jambo kubwa linalopita bila wewe.

Barua hii nampa Tobiko, anayerudi kwenye lindo lenu baada ya likizo. Tafadhali jibu kupitia simu yake kabla ya tarehe 20. Mwalimu Eva ameniruhusu kutumia namba yake, nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mama anakusalimu, na Bibi, na mdogo wetu Sairowua, ambaye sasa anachunga ndama peke yake. Msalimie Mama Mkubwa Kakenya. Mungu akulinde wewe unayelinda mali za watu, na akurudishe nyumbani salama.

Mwanao akupendaye na anayekuheshimu,
Naipanoi

Tena, Baba Mkubwa, usikasirike. Nimemsomea Nanyokie barua hii kitandani kwake. Akasema paja ni lake, mafuta ni yake, mkono ni wake, na yeye ameshakubali, sasa tunamsubiri nani? Je, nimwambie kwamba wewe nawe umekubali?