Mzungu wa Kwenye Shuka Hakuwa Wewe

Ambokile rafiki yangu,

Naandika mwenyewe, kwa mkono huu huu uliomwangusha nyati. Karani alitaka kunisaidia nikamfukuza. Nina hasira.

Jumapili gari la sinema lilikuja hapa kwenye mashamba ya chai. Wakaziba madirisha ya banda kwa magunia, wakatundika shuka. Ikatokea picha ya mzungu mmoja mwenye haya, kaajiriwa kiwanda cha kofia, wenzake wote wanawake. Wakimwita anaangusha kofia, wakimgusa bega anaingia ndani ya pipa. Sitakuficha, na mimi nilicheka mpaka machozi.

Mara mtu wa nyuma akasema, "Huyo si Ambokile wa mizani?" Banda zima likacheka. Ambokile, na kaburi lako halijaota hata majani!

Nikasimama mbele ya shuka. Wakanizomea, mzee kaa, unatuziba. Nani wa kunikalisha mimi? Nikawaambia Ambokile aliwapimia chai mama zenu miaka yote, mwanamume peke yake, na hakumwogopa hata mmoja. Alikimbilia nyuma ya gogo pale tu alipokuja mke wa mwanawe na kikapu, maana kwao Wanyakyusa mkwe na baba mkwe hawaonani. Na nani alishika mizani hapo? Mimi. Ukirudi una majani kichwani, wanawake hoi kwa kicheko, nawe unaendelea kupima. Mimi tu uliniambia: "Ile si hofu, Mhehe. Ndiyo heshima niliyobaki nayo huku ugenini."

Wengine wakaacha kunizomea. Wengine wanasema nimeharibu sinema. Na waseme.

Mizani yako wamempa bwana mmoja anayewakodolea macho wanawake wote, wake za watu humo humo. Huyo hachekwi.

Lakini jana nimeona jambo, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mkweo alikuja na kikapu. Alipokaribia gogo lako akaacha njia, akazungukia majanini, kanga usoni, kama vile bado umejificha pale.

Basi lala. Gari likirudi nitakaa mbele kabisa. Atakayekutaja kwa kicheko, nitasimama tena mbele ya shuka mpaka mafuta ya gari yaishe. Na lile gogo, anayetaka kulipasua kuni aanze na mimi.

Ni mimi, Mhehe wako.