Nimesogeza Kijino cha Bunduki Yako

Baba Zaina,

Ninakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile alizonifundisha baba yangu kule Kasongo, ambazo ulikuwa unazicheka kwamba zinatembea kinyumenyume. Hapa kijijini Wamaza hakuna atakayezisoma isipokuwa mimi. Si kitu. Nina habari, na wewe ndiwe niliyezoea kukupa habari.

Eda yangu imekwisha. Mpunga umeiva. Zaina wetu ananisaidia kutwanga, na wiki hii ameanza tena kuimba anapotwanga. Kwa muda mrefu hakuimba.

Sasa nikuambie ya bunduki. Baada ya mazishi yako, mdogo wako Asumani alikwenda Kabambare, kwenye ofisi ya teritware, ile ya serikali ya wilaya, karani akamwandikia kibali kwa jina lake. Alirudi amefurahi, maskini. Lakini kila alipopiga, alikosa. Swala alikosa. Nguruwe wanaokula mpunga wetu alikosa. Watu wakaanza kusema, "Bunduki inalilia mwenyewe. Haitaki mutu mwingine." Asumani naye akaamini. Nilimsikia nje ya dirisha langu akimwambia mama yenu, "Mama, kaka iko anasukuma mukono yangu."

Niliumia sana. Wewe hukuwahi kusukuma mkono wa mtu.

Kisha akamjeruhi mbogo. Alimlenga kifuani kutoka mbali, risasi ikampata pajani, mnyama akakimbilia kwenye matete ya kijito, pale pale tunapochota maji. Siku tatu hakuna mwanamke aliyeteremka. Tulikunywa maji ya mvua yaliyobaki kwenye mitungi. Wazee wakasema bunduki irudishwe teritware kabla haijatuletea maiti.

Eda ilikuwa imekwisha juzi yake. Nikatoka nje, nikamwambia Asumani, "Shemegi, lete bunduki." Akanitazama kama nimerukwa na akili.

Angejuaje kwamba naifahamu? Ni sisi wawili tu tuliojua. Miaka kumi na minne, kila kiangazi ulipoipima shabaha, mimi ndiye niliyesimama kando ya kichuguu, karibu na ule ungo mbovu wenye duara la makaa. Ulipiga, nami nikaenda kutia kidole kwenye tundu na kukupigia kelele, "Kuume! Kidogo tu!" Nawe ukajibu kutoka mbali, "Kidogo ya nani? Ya mupishi ao ya fundi?"

Aliponipa, nikaugeuza mdomo wake kwenye mwanga. Unakikumbuka kile kijino cha chuma kilichosimama mbele, unachokiweka ndani ya pengo la nyuma unapolenga. Chini yake ulichora mistari miwili kwa ncha ya msumari, mmoja kwenye kijino, mwingine kwenye mtutu, ili ujue pale kinapotakiwa kukaa. Mistari haikukutana. Kijino kilikuwa kimesogea kushoto, upana wa uzi. Ndipo nikakumbuka: siku uliyotuacha, walipokuwa wanatoa kitanda chenye mwili wako, bunduki ilianguka kutoka ukutani ikapiga jiwe la mlangoni. Nani angeitazama bunduki siku ile?

Nikamwonyesha Asumani. "Kaka yako hakusukuma kitu," nikamwambia. "Ilianguka." Alikaa chini, akafunika uso kwa mikono.

Zilibaki risasi tisa. Tukatundika ungo, hatua hamsini. Ya kwanza ilikwenda kuume, kiganja kizima. Nikachukua kipande chako cha shaba na nyundo ndogo, nikagonga kijino kuelekea kuume, polepole, maana ulinifundisha kwamba kijino cha mbele kinaifuata risasi ilikokwenda. Mistari yako ikakutana. Nilifurahi kana kwamba umeingia nyumbani.

Asumani akapiga tena. Bado kuume, vidole vitatu.

Nikamtazama anavyoshika. Yeye halazi shavu kama wewe. Shingo yake ni fupi, jicho lake linakaa pengine. Mistari ile ilikuwa ya jicho lako, Baba Zaina. Ili bunduki imfae yeye, ilibidi nikisogeze kijino kupita alama yako. Nilikaa na nyundo mkononi... sijui muda gani. Asumani hakuniharakisha. Alisema tu, "Shemegi, kama ni nguvu, kama inakuumiza, tuache."

Nikagonga. Mara moja, halafu mara moja nyingine, nyepesi kabisa. Ya tatu ikaingia ndani ya duara. Ya nne ikaingia karibu nayo, nikafunika matundu yote mawili kwa kidole gumba. Nikachora mstari mpya. Wako sikuufuta, uko pale pale.

Kesho yake asubuhi Asumani na wenzake wawili waliingia kwenye matete. Sisi wanawake tulisimama juu na mitungi yetu. Tukasikia mlio mmoja, tukangoja wa pili, haukuja. Kisha sauti ya Asumani, "Bismillahi!", na kisu kikafanya kazi yake. Tuliteremka mbio, tukachota maji, mama yenu akiwa wa kwanza, na miguu yake ile!

Jioni Asumani alileta kidari cha mbogo mlangoni kwangu, mbele ya watu. Akasema, "Hii iko ya fundi." Miaka yote nyama hiyo niliipika kama mke wa mwindaji. Juzi niliipika nikiwa fundi, na kwa kujisahau nikaizidisha chumvi. Wamekula hivyo hivyo.

Kaka yangu amefika kutoka Kasongo kunirudisha kwetu. Nimemwambia nitakwenda kuwasalimu, nikae mwezi mmoja, kisha nirudi kupanda. Alinitazama, akauliza kama nina hakika. Nina hakika.

Pumzika, mume wangu. Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi hivi: Zaina nitamfundisha herufi hizi, na kiangazi kijacho yeye ndiye atakayesimama kando ya kichuguu, mimi nikiwa huku penye bunduki, na nyundo.

Mkeo,
Mama Zaina