Albamu Yetu ya Mwisho Imeisha Dukani

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya tisa tangu albamu itoke. Wanunuzi ninaowajua: mama, na bwana mmoja aliyedhani ni nyimbo za watoto. Jalada ndilo lililomponza — kaka, mwimbaji wetu, kavaa koti nililomshonea kwa kitambaa cha kochi, yuko kama dubu mgonjwa. Mpiga besi kauza gitaa. Anasema hii ndiyo ya mwisho, kwaheri roki. Mimi na ngoma zangu tumeachana, nimerudi kwenye cherehani. Angalau mguu haukosi mazoezi.

Jumatano, 6 Machi
Maajabu! Muuza kanda kanipigia simu: zetu zimeisha, maboksi yote, tupeleke nyingine! Nikakimbia kwa kaka na pini zangu za kushonea kifuani. Akakaa sakafuni, akalia. Jitu zima!

Ijumaa, 8 Machi
Kaka kampelekea mwalimu mkuu wake barua ya kuacha ualimu. Miaka kumi na minne ya kufundisha hesabu, basi! Wifi kanuna, anauliza watoto watakula magitaa? Mimi nikapiga makofi.

Jumamosi, 9 Machi
Mwanafunzi wa uuguzi kaja kujaribu gauni, na redio kaseti mkononi. Ndani — kanda yetu! Moyo ukaruka. Akabonyeza. Kaka akapiga ukelele wake, sekunde tatu hivi, kisha sauti ya mwalimu wa chuo chao: hatua ya kwanza ya uchungu wa kujifungua...

Binti kanieleza bila haya. Eti kanda zetu ni bei rahisi kuliko kanda tupu. Unaziba vile vitundu vya juu vya kuzuia kurekodi kwa karatasi, unarekodi masomo. Chuo kizima wanazo.

Nikamvaa muuza kanda. Anasema yeye kuuza kauza, wanachorekodi watu si juu yake. Mshenzi.

Jumapili, 10 Machi
Nimekuja kumwambia kaka ukweli. Nimkute na nani sebuleni? Mwalimu mkuu! Barua ya kaka bado iko mfukoni mwake, kesho asubuhi anaipeleka makao makuu. Akanigeukia: eti biashara ya kanda ni ya uhakika? Nikisema hapana, anaichana hapo hapo. Wifi kasimama na trei. Kaka anatabasamu, anangoja nimpambe.

Nikasema tumbo linaniuma! Niko chooni, naandika. Daftari huwa halitoki mkobani. Nampenda kaka yangu, hiyo ndiyo shida. Sijamwona na furaha hivi tangu tuanze bendi. Nawasikia wanacheka.

Kaka anagonga mlango. "We mtoto, toka bwana! Mzee anataka kuondoka!"

Nimevuta maji mara ya tatu.