Joab Ameokoka

Mume wangu Joab,

Huku chai inachipuka vizuri, na Oyugi ameota jino.

Jumanne redio ilisema ile Dakota unayopeleka nayo unga visiwani, ndege iliyozeeka kuliko baba yako, imeanguka ziwani. Nilikuwa bado nalia wakati jirani yetu Kiptanui alipokuja mbio kutoka ofisi ya kiwanda.

“Mama Oyugi, shangazi ya Joab amepiga simu. Anasema Joab ameokoka!”

Nikachinja yule jogoo wako, tukaimba.

Leo shangazi mwenyewe amefika, anacheka. Anasema uliokoka Jumapili kwenye krusedi ya Injili, ukaacha pombe. Habari ya ndege hajaisikia.

Joab, roho imeokoka, nashukuru Mungu. Sasa niandikie, kwa mkono wako, kama mwili nao umeokoka.

Ni mimi ninayengoja,
Eucabeth