Dakika Tatu za Mwende

Jumatatu, 18 Mei 1981

Nimesahihisha madaftari ya hesabu mpaka vidole vimekakamaa. Yamebaki kumi na matatu. Yangoje.

Baada ya gwaride Mwalimu Mkuu alituita ofisini. Tutapata mgeni, Daktari Barasa wa chuo kikuu. Anachunguza lugha ambazo watoto wa mitaa yetu ya Eastlands hutumia kuelezea mazingira yao, na kama shule inawasaidia au inawafunga midomo. Anataka darasa la tatu moja tu. Mwalimu atakayefanya naye kazi vizuri atapendekezwa kwenda kusoma mwaka mzima, mshahara ukiendelea. Akirudi anapandishwa cheo.

Madarasa ya tatu ni mawili. Langu na la Wanjiru. Mimi nina miaka kumi na minne kwenye cheo kilekile. Wanjiru ana mitatu kazini, na kupanga somo nilimfundisha mimi, kwenye meza hii hii ninayoandikia. Hakuna la kujadili. Nafasi ni yangu.

Alhamisi, 21 Mei

Kesho ndiyo siku. Watoto wangu wanajua majibu yote kwa ghibu. Mti ni nini, mto ni nini, udongo ni nini, kwa Kiingereza kilichonyooka. Tatizo ni wale sita wa nyuma. Ukiwauliza jambo wanaangalia kucha zao. Mwende ndiye mkuu wao. Tangu Januari sijasikia sauti yake ila ninapoita majina.

Nimefanya kama tunavyofanya sote mkaguzi anapokuja. Nimemwomba Wanjiru anihifadhie hao sita kwa siku moja.

"Walete tu, Mama Ndunge," akasema. "Tutabanana."

Yeye hajaandaa chochote. Hata ubao hajaupaka masizi. Nikamhurumia.

Ijumaa, 22 Mei

Nimeaibika.

Darasa langu lilijibu kama kwaya. Hakuna aliyekosea hata neno. Daktari akatabasamu, akasema asante, akafunga rekoda yake baada ya robo saa. Akaingia kwa Wanjiru na hakutoka mpaka kengele ya chakula.

Ukuta wetu ni mbao tupu. Nilisikia yote. Wanjiru aliwaambia watoto wasimulie wanachopita njiani kutoka nyumbani hadi shule, kila mtu kwa lugha inayomjia. Ikawa soko. Kikuyu, Kijaluo, Kikamba, na kile Kiswahili chao cha mtaani. "Buda yangu ni dere, anajua mitaro yote!" Yaani baba yake, dereva. Kicheko. Nami nimesimama na chaki, watu wangu wamekunja mikono wananitazama.

Daktari amechagua darasa la Wanjiru. Tena amewaomba wale sita wangu wabaki humo muhula mzima. Alimwuliza Wanjiru amewatoa wapi watoto hodari namna hiyo. Nimempelekea kwa mkono wangu mwenyewe.

Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Mimi nilimwamsha, nikamnawisha uso.

Jumanne, 2 Juni

Wanjiru sasa anatembea na rekoda begani. Anaivaa kama mkoba wa harusi. Wazazi wamesikia kuna daktari shuleni, Ijumaa wawili walileta watoto wenye kikohozi. Wanjiru akawapokea, akawaeleza kwa upole. Kila mtu anampenda. Inachosha.

Namwonea wivu. Nimeliandika, limekaa hapo. Naonea wivu viatu vyake, mwandiko wake, namna Daktari anavyotamka jina lake polepole. Leo amelitamka mara saba wakati wa chai. Hakuna aliyeniuliza hata kama nimeongeza sukari.

Mume wangu Mutiso alirudi na lori lake kutoka Mombasa. Nikamweleza. Akacheka, akasema, "Mama Ndunge, hicho ni kijiba cha roho, na hakina dawa." Nimempa ugali wa jana.

Alhamisi, 18 Juni

Wanjiru amenijia darasani na kanda tatu mkononi. Wale sita wamezungumza Kikamba humo na yeye hajui hata salamu. Daktari mwenyewe haelewi. Wameona nisikilize, niandike yaliyosemwa, nitafsiri kwa Kiswahili.

"Nani mwingine nitamwamini?" akasema.

Kweli, mwalimu Mkamba katika shule hii ni mimi peke yangu. Ingawa hapo shuleni sijakisema miaka. Wazazi wenyewe hunisalimia kwa Kikamba nami huwajibu kwa Kiswahili. Mwalimu ni mwalimu. Nikakubali, tena kwa tabasamu.

Jumamosi, 20 Juni

Mchana, nyumbani. Watoto wangu wako kwenye mazoezi ya kwaya. Nimefunga dirisha kwa ajili ya kelele za jirani.

Kanda ya kwanza, mambo ya kawaida. Mbuzi, mtaro, mbwa wa mlinzi. Kanda ya pili ni Mwende. Sikuitambua sauti. Ilibidi nirudishe nyuma nisikie akitajwa jina.

Dakika tatu bila kusita. Baba yake ni mchongaji wa vinyago, Pumwani. Anasema zamani gogo la muhugu lililetwa kwa mkokoteni kwa sababu lilikatwa karibu. Siku hizi linakuja kwa lori na baba husubiri wiki mbili. Miti ya karibu imekwisha, watu walikata na hawakupanda, na muhugu hukua polepole kuliko mtoto. Anasema alipokuwa na miaka minne, twiga wa baba walikuwa warefu kumshinda. Sasa wanamfika gotini. Wageni wanaonunua wanadhani baba amependa kuchonga twiga wadogo. Hapana. Ni magogo ndiyo yamekuwa madogo. Kisha anawauliza wenzake: gogo likizidi kupungua, baba atachonga nini? Mmoja anajibu, panya. Wote wanacheka, yeye pia.

Mtoto wa miaka tisa. Niliyemficha.

Nilisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilijivunia, kama ni wangu wa kumzaa. Mara ya pili nililia kidogo. Mara ya tatu nikamwona Daktari akisoma maneno haya, na Wanjiru akipanda basi la chuo.

Nikachukua kalamu. Nikaandika: "Mwende. Dakika tatu. Haisikiki."

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Wale wengine watano niliwafupisha. Aliyesema maneno hamsini nikamwandikia matano.

Jumatatu, 22 Juni

Nimempa Wanjiru karatasi. Mwandiko safi, pambizo nimepiga kwa rula. Aliniletea ndizi za kuiva, chana nzima, kunishukuru. Nimezigawa. Sikuweza kuzila.

Jumatano, 8 Julai

Daktari aliniita kando ya ukumbi, tukiwa wawili. Amesema ameona karatasi za watu wengi, na wengi wasiposikia hutunga. Mimi nimeandika tu kwamba haisikiki. Ndiyo uaminifu anaoutafuta. Amesema kanda za Wanjiru zimemvunja moyo, alitegemea makubwa kwa wale sita. Hivyo anafikiria kunipendekeza mimi.

Mimi!

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, mtaa wa Jericho, furaha imenijaa mpaka kooni. Nimemwambia Mutiso. Amesema basi dawa ilikuwepo.

Ijumaa, 17 Julai

Mkutano wa walimu. Mwalimu Mkuu alisoma muhtasari wa Daktari. Upande wa Kikamba, umesema, watoto wale sita hawana maneno ya kutosha kuelezea mazingira yao hata kwa lugha ya mama. Mwalimu Mkuu akavua miwani akasema kama ni hivyo, mwakani sita hao warudie darasa la tatu. Hakuna haja ya kuwasukuma mbele.

Wanjiru alisimama. Sijawahi kumwona akipandisha sauti.

"Hao watoto wanaongea! Mwende anaongea mpaka kengele inalia!"

"Anasema nini?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Sijui, bwana. Sijui Kikamba. Lakini nawaona wenzake wanavyomsikiliza."

Wakanigeukia wote. Mwalimu Mkuu akasema, "Mwalimu Kalondu, wewe ndiwe uliyesikiliza."

Nikasema rekoda ilikuwa na kelele.

Jumapili, 19 Julai

Baada ya ibada nilikwenda Pumwani kwa wachongaji. Sikuwa na safari nyingine, nisijidanganye. Nilitaka kuona wale twiga.

Ni wafupi kweli. Baba Mwende alisimama, akafuta mkono kwenye suruali, akanisalimia kwa Kikamba. Safari hii nilimjibu kwa Kikamba. Alinishukuru kwa kumfunza mwanawe. Amesema nyumbani Mwende hatulii, ana maswali mpaka mama yake anamfukuza jikoni. Ana hakika siku moja huyu atasoma chuo kikuu.

Mwende alikuwa nyuma yake, anapiga msasa mgongo wa kifaru. Aliponiona aliacha kazi, akasimama wima, mikono kwenye mapaja. Akaniamkia kwa Kiingereza, habari ya asubuhi. Ilikuwa saa tisa alasiri. Kisha akanyamaza.

Huyo ndiye Mwende ninayemjua mimi. Baba yake alimtazama kwa mshangao, kama anayemtazama mtoto aliyebadilishwa.

Sijala kitu tangu hapo.

Jumanne, 21 Julai

Nimeandika upya yote. Kurasa kumi na moja. Dakika tatu za Mwende peke yake zimechukua kurasa mbili. Nimempelekea Daktari ofisini kwake, nikakataa kuketi.

Alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwa panya alicheka, halafu akakumbuka kuwa nipo. Akauliza kwa nini.

Nikamwambia ni wivu. Sikuwa na neno refu zaidi.

Amesema muhtasari ataubadilisha na wale sita hawatarudishwa, atazungumza na Mwalimu Mkuu leo hii. Amesema pendekezo litakwenda kwa Wanjiru na itabidi amweleze sababu. Safari hii hakunisifu uaminifu.

Jumatano, 22 Julai

Wanjiru amejua. Nilimsubiri anipigie kelele. Nilikuwa nimejiandaa hata majibu.

Alikuja mlangoni, kitabu cha mahudhurio kifuani. "Ungeniambia unaitaka ile nafasi, Mama Ndunge, ningekuachia."

Basi. Akaenda kufundisha.

Simwamini. Hakuna mtu anayeachia nafasi kama ile. Halafu namwamini, na ndiyo inayouma. Wakati wa chai aliketi na walimu wa darasa la kwanza. Mimi nilibaki na gazeti, na sikusoma hata kichwa kimoja cha habari.

Alhamisi, 6 Agosti

Muhula umekwisha. Wale sita hawatarudia darasa. Watoto wamemwimbia Wanjiru wimbo wa kwaheri, anakwenda chuoni mwaka mzima. Nami niliimba, kwa nyuma. Alipeana mikono na kila mwalimu. Wangu aliushika sawa na wa wengine, muda uleule. Ningependelea aukatae.

Bado namwonea wivu. Nilidhani kukiri kungeuondoa. Hakujauondoa. Umebaki umetulia tu, kama mgonjwa aliyepata usingizi.

Jumatatu, 14 Septemba

Mvua kidogo asubuhi. Darasa la Wanjiru limepewa mwalimu mpya, kijana mpole. Sita wangu wamerudi kwangu. Nimewaketisha mbele.

Somo lilikuwa la mizizi. Nimewatoa nje mpaka kwenye ua wa michongoma, nikawaambia kila mtu aseme anachokijua kwa lugha anayotaka. Wakatazamana. Hawajui kama ni mtego.

Nikawaanzishia mimi, kwa Kikamba. Nikawasimulia jinsi nyanya yangu alivyochimba mizizi ya dawa. Baadhi walicheka kwa mshangao. Kisha Mwende akanyoosha mkono juu kabisa, mpaka akainuka kwenye vidole vya miguu. Nikamwambia, sema, mama.

Akauliza kwa Kikamba Mwalimu Wanjiru atarudi lini.

Nikamwambia mwakani, Mungu akipenda. Akashukuru, akashusha mkono. Wenzake wakamwuliza nimesema nini, naye akawatafsiria. Tukaendelea kuchimba.