Mbuzi wa Mjomba Hapandi Lifti

S.L.P. 61,
Mkwatani,
KILOSA.
10 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Cleopa,

Marahaba. Shikamoo yako haijanifikia tangu Desemba, lakini naitikia kabisa. Siku ukiikumbuka utaituma.

U hali gani huko Doha? Kile kikohozi cha kiyoyozi kimekuacha? Magreth na watoto hawajambo? Sisi ni wazima. Mama naye mzima, ila miguu inamvimba kila jioni na anakataa kuiinua juu ya stuli kwa kuwa anasema hiyo ni mikao ya wagonjwa. Mto Mkondoa ulifurika juzi ukaingia mashamba ya chini, sisi wa huku juu tukasalimika. Vitunguu vya Lumuma vimeporomoka bei mara tu baada ya mimi kujaza stoo. Kwa hiyo ukiona mahali barua hii imenuna, usijitwike yote, mengine ni ya vitunguu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kundi la familia ulijitoa, na ujumbe wa sauti najua unausikiliza kwa kasi ya mara mbili. Mtoto wako mwenyewe ndiye aliyeniambia. Karatasi haina kasi. Keti, usome.

Nianze na hoteli, maana wewe ndiko ulikoanzia. Mwanzoni mwa Desemba ulitupigisha kura kwenye kundi. Mara picha ya hoteli yenye ngazi za marumaru, mara yenye bwawa la kuogelea ghorofani, mara ile kubwa ya pale Posta ambayo ukisogeza pazia unaona meli bandarini. Mama alidhani unanunua nyumba. Akaniuliza, "Yusta, mwanangu anahamia Dar?" Nikamwambia hapana mama, anatafuta pa kulala. Akauliza kama Kilosa kuna mtu amekunyima kitanda. Ulikuwa unakuja kwa jambo moja tu, posa ya mpwa wako Lightness, na posa ilikuwa hapa nyumbani.

Ukatueleza, taratibu kabisa, kama unafundisha chekechea. Kwamba wenye hoteli hizo wana madaraja ya wateja wao. Kwamba wewe ni Platinamu, na ili usishushwe mwaka unapofungwa ilibidi ulale kwao siku kadhaa zaidi, na ukija kulala kwetu siku hiyo haihesabiwi. Ukatutajia na marupurupu yake: chumba kikubwa kwa bei ya kidogo, chai ya asubuhi bure, ruhusa ya kukaa chumbani hadi jioni wakati wenzio wanatolewa saa sita mchana, na sebule ya ghorofa ya juu kabisa ambamo watu wa daraja lako wanakula na kunywa bila kuulizwa. Sikukulaumu. Nilisema, haya, kila mtu na starehe yake.

Halafu ukasema kikao cha posa kihamie huko.

Hapo ndipo ningekukatalia, na ningekukatalia kwa maneno ambayo mama hajui kama nayajua. Lakini wewe ndiye mjomba. Baba yake Lightness tulimzika kitinda mimba wangu akiwa mgongoni, na posa ingeweza kwenda bila yeye. Bila mjomba haiendi. Katika ukoo wetu mtoto ni wa tumbo la mama, na mwenye sauti juu yake ni kaka wa mama, nawe ndiye kaka pekee niliyezaliwa naye. Tukakata tiketi za treni.

Laiti ungeiona safari ile. Watu wa Mikumi, upande wa mume, walikuja Kilosa kupanda treni hiyohiyo, tukajikuta nao behewa moja. Mshenga wao, Mzee Ditram, alitahayari hata nikamhurumia. Hajabisha hodi kwetu, atatuzoeaje? Na sisi hatujasikia neno lake, tutamkaribisha vipi chakula? Basi tangu Kilosa hadi Dar watu wazima tulitazama madirisha, kila upande upande wake. Mama alimega nusu andazi akaificha ndani ya khanga. Evance, bwana harusi mtarajiwa, kijana anayeendesha watalii katikati ya tembo kila siku, alijifunika uso kwa kofia akajifanya kalala.

Pale hotelini tulikuta mlango wa vioo unaojifungua wenyewe. Mlango wa msichana anayeposwa hufungwa, mshenga anasimama nje, anabisha, anasema kilichomleta, tunamzungusha kidogo, ndipo tunamfungulia. Mlango wa hoteli yako ulimfungulia Mzee Ditram kabla hajakohoa. Akarudi nje ili aingie kwa heshima, ukamfungulia tena. Sisi wa upande wa mke tulikuwa nyuma yake, nje, tumebeba mabegi.

Mlinzi wa pale alimwamkia mama kwa kuinama. Wewe ulishuka na simu sikioni, ukampungia mkono.

Mwali hukaa chumba cha ndani mpaka aitwe. Nilikuomba ufunguo wa chumba chako nimweke Lightness humo. Ukasema wageni wasioandikishwa hawapandi, na hutaki kujiharibia jina pale. Kwa hiyo mtoto wangu, amevaa gauni la kitenge alilolishona yeye mwenyewe, aliposwa akiwa amejificha chooni. Kilikuwa choo kizuri, sikatai, kina maua na taulo zilizokunjwa, lakini ni choo. Kila aliyeingia kunawa alimuuliza kama anaumwa.

Kisha likaja la sebule ya juu. Tulidhani tunapanda sote. Ukatuambia daraja lako linakuruhusu mgeni mmoja tu, ukatutazama kama mtu anayechagua nyanya sokoni, ukamchukua Mzee Ditram. Mama yako aliyetoka Kilosa na miguu ile ukamwacha kwenye sofa la chini. Sofa lenyewe lilikuwa la kuzama, hata tulipotaka kuondoka tulimvuta watu wawili.

Yaliyosemwa huko juu nimeyapata kwa Mzee Ditram mwenyewe, na si mtu wa kuongeza chumvi. Anasema alikula korosho, akanywa juisi, akatazama meli. Akaeleza shida yake vizuri. Mkakubaliana mahari bila ubishi. Halafu akafika kwenye fungu lako, blanketi na mbuzi wa mjomba.

"Mzee, hivyo mimi sivihitaji," ulimwambia. "Mbuzi nitamweka wapi? Hapa hapandi lifti."

Ukacheka. Yeye hakucheka.

"Una hakika, mjomba?"

"Kabisa, mzee wangu. Mbuzi kitu gani? Tusisumbuane."

Ulidhani unawapunguzia mzigo, najua. Ulijiona muungwana. Lakini umelelewa katika nyumba hii, Cleopa, umekula nyama ya mbuzi wa mjomba mpaka ukavimbiwa. Unajua mjomba akimkataa mbuzi amekataa nini. Amesema mtoto huyu si wa tumbo letu. Akipigwa na mume asikimbilie kwangu, akifa msiniite. Mzee Ditram alikupa nafasi ya kujirudi, akakuuliza mara ya pili, na wewe ukamjibu kwa mdomo uliojaa korosho.

Alishuka ameshika kofia mkononi. Akainama mbele ya mama akasema, "Mama, tumesikia." Hakusema wamesikia nini. Wakaondoka. Na wewe ukashuka ukiwa umechangamka, ukampa mama korosho ulizozifunga kwenye karatasi ya kufutia mdomo, ukatuambia mambo safi. Halafu ukampa Lightness simu yako akupige picha kwenye ngazi. Alikupiga. Ndiyo kwanza ametoka chooni, macho mekundu, na alikuambia, "Sogea kidogo, anko, mwanga."

Jibu la Mikumi lilitufikia kabla ya Krismasi. Walisema kwa adabu sana kwamba hawana ugomvi nasi, ila hawawezi kuoa mtoto asiye na mjomba. Adabu hiyo iliishia Mikumi. Ilipofika sokoni Kilosa ikawa Lightness ni mtoto wa kuokota, nilimtoa hospitali, nilimtoa kwa mtu aliyeniachia njiani. Mteja wangu wa miaka mingi aliniangalia usoni huku akichagua vitunguu, akaniangalia tena, anatafuta kama nafanana na binti yangu. Lightness aliacha kwenda kwaya. Jioni moja alikuwa anaosha vyombo, akaniuliza bila kugeuka, "Mama, mimi ni wa nani?"

Siku hiyo nilikuchukia. Sikukasirika, nilikuchukia, na naandika hivyo ili usije ukasema dada alinung'unika tu.

Nilikupigia. Ulikuwa umesharudi Doha. Ulisema utanitafuta. Badala yake ukaandika kwenye kundi, mama akisomewa, "Jamani, mambo ya mbuzi karne hii?" Chini yake ukaweka picha ya sahani ya matunda waliyokuwekea chumbani na kadi yenye jina lako, eti ukumbusho wa safari. Mama mdogo Yunis akakuuliza kama ulipata nafasi ya kula hayo matunda. Ndipo ukajitoa.

Wazee wa ukoo kule Lumuma walikaa Januari. Waliuliza kama kuna mwanamume mwingine wa tumbo la bibi yetu. Yupo. Ni Yared, mtoto wa mama mdogo Yunis, dereva wa trekta kule Kilangali, yule uliyekuwa ukimwita Bwana Matope hata mbele ya wageni wake. Aliomba ruhusa kazini akaja na pikipiki. Alilala sebuleni kwangu kwenye mkeka, kwa sababu kitanda alimwachia mzee mmoja wa Lumuma. Asubuhi akawaongoza wazee hadi Mikumi, wakabisha hodi, wakapiga magoti. Unaelewa jambo hilo? Upande wa mke umekwenda kupiga magoti kwa upande wa mume. Mimi nilibaki nyumbani kwa sababu nisingeweza kulitazama.

Watu wa Mikumi wakaja kwetu upya. Mlango niliufunga kwa komeo na ufunguo. Mzee Ditram alibisha mpaka mkono ukamuuma, tukamzungusha, akafurahi kama mtoto. Yared alipokea blanketi, akapokea kamba ya mbuzi kwa mikono miwili. Mbuzi akamnyea viatu. Watu wakacheka hadi Lightness akasikika akicheka kule chumba cha ndani, na sikuwa nimemsikia tangu Desemba.

Sasa nikwambie lililonifanya nichukue kalamu, maana hakuna mwingine atakayekuambia. Wazee hawakumwazima Yared kiti chako ili akushikie. Wamekihamisha. Lightness na wadogo zake, posa zao, kesi zao, majina ya watoto wao, hata misiba yao, vyote vinakwenda kwa Yared. Ukiamua kurudi ukaomba, hakuna wa kumwomba, kwa sababu aliyemalizia jambo hilo ni mama. Wazee walimtazama yeye, na yeye akatazama miguu yake. Kisha akasema, "Yared akae. Yule mwingine mwacheni na daraja lake." Akaomba apewe maji ya kunywa. Sijamwona akilia, kama hilo ndilo unalotaka kuuliza.

Mama mdogo Yunis anakusalimu. Yared anakusalimu, na yeye kweli anakusalimu, hana ubaya. Evance na Mzee Ditram wanakusalimu kwa heshima. Mama nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alisema niandike kwamba yupo.

Harusi ni Jumamosi baada ya Pasaka. Ibada itakuwa Kilosa, sherehe Mikumi. Mchango wako ulipita kwa mweka hazina na kamati inashukuru, hivyo umepata kadi kama wachangiaji wengine. Imo humu ndani ya bahasha. Majina kwenye kadi anaandika Lightness mwenyewe, ana mwandiko mzuri. Nilimwona amefika kwenye yako, akashika kalamu kitambo. Nikamwambia aandike Anko. Akaandika "Ndugu Cleopa na Mwenza", akapuliza wino ukauke, akachukua nyingine. Ukija usiisahau, maana vijana wa mlangoni ni wa Mikumi, hawakujui sura, na watakuomba. Mjomba wa bibi harusi ndiye haulizwi kadi.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na popote ufikapo akupe pa kulala pazuri.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa shida,

Yusta