Sauti Nzito Ambazo Sikuzipiga

Misheni, Shinyanga. Jumamosi, kiangazi cha 1953.

Tangu asubuhi kulikuwa na upepo wa vumbi, kisha mchana ukakatika ghafla. Kimya mpaka masikio yakaanza kuvuma.

Leo nimempigia Sista Kornelia vipande viwili nilivyojifunza peke yangu alipokuwa amelazwa Mwanza. Yeye ndiye aliyenifundisha piano. Huu ni mwaka wa pili hasikii kabisa. Huweka kiganja juu ya ubao wa piano, hufumba macho, na kosa halimpiti.

Kipande cha kwanza alinikatiza mara tatu. "Paskali, mkono wa kushoto unatwanga mtama. Upunguze."

Cha pili, kile cha polepole, alinyamaza hadi mwisho. Nikamaliza, nikaweka mikono mapajani. Kiganja chake hakikutoka ubaoni.

"Endelea," akasema, bado amefumba macho. "Hizo sauti nzito hazimo kwenye karatasi. Umezitoa wapi? Nzuri sana."

Mikono yangu ilikuwa mapajani.

Nikagusa ubao. Ulikuwa ukitetemeka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Nikainama kuchungulia chini. Hakuna kitu.

Kisha ukatulia. Sista akafumbua macho. "Kesho baada ya misa utakipiga mbele ya watu, na sauti zile zile. Nimeridhika, mwanangu."

Nimeingojea sifa hiyo miaka minne. Nikasema, "Asante, Sista."

Naona aibu kuliandika hilo.

Alasiri nilirudi ukumbini kuzitafuta sauti zile. Nilijaribu kila mahali upande wa kushoto wa piano, sikuzipata. Ikanibidi niende kwake. Nikasimama mwangani ili asome midomo yangu.

"Shikamoo, Sista. Zile sauti za mwisho sikuzipiga mimi."

Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Akashika sikio lake. "Sikuzigusa kwa mkono tu, Paskali. Nilizisikia. Nikadhani masikio yananirudia."

Laiti ningenyamaza. Lakini ningenyamazaje?

Nilidhani atafuta habari ya kesho. Badala yake alinishika mkono, akasema nipige cha pili vilevile, yeye atakaa karibu, na nikimaliza nisinyanyuke haraka kitini, huenda zikarudi.

Nimekubali. Sijui nitaweza kukaa kwa muda gani.